Kufuta Si Kusahihisha

Mazungumzo yetu ya leo yanahusu ukurasa mmoja wa tovuti uliobadilishwa huko Marekani katikati ya mwaka 2017. Ukurasa huo ni wa CDC, Kituo cha Kudhibiti na Kuzuia Magonjwa cha serikali ya Marekani, chenye makao makuu Atlanta. Tusikichanganye na Africa CDC ya Umoja wa Afrika, iliyoko Addis Ababa. Hiki cha Atlanta nacho si kigeni kwetu. Kimefanya kazi Kenya tangu mwaka 1979 na Tanzania tangu 2001, na mkono wake umefika katika maabara na kliniki nyingi za Ukimwi. Kinapoandika jambo la afya, wanaolisoma na kulifuata si Wamarekani peke yao.

Kwa miaka mingi CDC iliwaambia watu wenye ugonjwa wa uchovu sugu kwamba yako mambo mawili yanayoweza kuwasaidia. La kwanza ni mazoezi ya mwili yanayoongezwa kidogo kidogo kwa ratiba. La pili ni tiba ya mazungumzo inayolenga kubadili namna mgonjwa anavyoufikiria ugonjwa wake. Halafu, katika majira ya joto ya mwaka ule wa 2017, ushauri huo haukuonekana tena. Uliondolewa kimyakimya. Aliyekuwa na mazoea ya kuufungua ukurasa aligundua mwenyewe, na asiyeufungua aliendelea na alichokisoma zamani.

Wagonjwa walifurahi, maana walikuwa wameupinga ushauri ule muda mrefu. Lakini furaha yao ilikuwa na dosari, na dosari hiyo ndiyo iliyonileta mbele ya kipaza sauti. Nakuambia mapema ili ujue ninakokwenda: kufuta si kusahihisha. Shirika la afya likiwapa watu ushauri uliowaumiza, deni hilo halilipwi kwa kuuondoa ukutani. Hulipwa kwa kusema wazi: tulisema hivi, leo tunasema vile, na sababu ni hizi.

Tuanze na ugonjwa wenyewe. Ukisikia "uchovu sugu" utafikiri ni ule wa mama aliyekesha na mtoto mchanga, au wa kondakta aliyesimama mlangoni mwa daladala tangu alfajiri. Uchovu huo, mtu akilala, unaondoka. Kwa huu wa ugonjwa, mgonjwa hulala usiku kucha akaamka kama hakulala. Na dalili yake kuu ni kuzidiwa baada ya kujitumikisha. Mtu ameoga, amepika chai, amekaa na wageni nusu saa, na wageni wameondoka wakisema, mbona mzima! Saa 12 hadi 48 baadaye ndipo mwili unapomwangusha. Misuli inauma, koo linawasha, kichwa kinajaa ukungu hata neno alilokuwa nalo mdomoni linapotea, na akisimama moyo unakwenda mbio. Anaweza kukaa hivyo siku kadhaa au wiki kadhaa, na wako wasiorudi tena mahali walipokuwa kabla.

Wengi huanza kuugua baada ya maambukizi, ya virusi hasa: homa ya tezi, mafua makali, na tangu mwaka 2020, Covid-19. Ili daktari autaje ugonjwa huu, hali hiyo hutakiwa iwe imedumu miezi 6, na maradhi mengine yanayofanana nayo yawe yametafutwa yakakosekana. Hakuna kipimo kimoja cha damu kinachouonyesha, wala dawa inayouponya. Wagonjwa wenyewe wengi hupendelea jina la zamani lililotoka kwa madaktari wa Uingereza, linalofupishwa kwa herufi mbili, M.E. Angalau robo yao hufikia wakati wakawa watu wa ndani ya nyumba tu, au wa kitandani.

Sasa mchukue mtu wa namna hiyo, umwambie kila wiki aongeze mazoezi. Utaona kwa nini wagonjwa walipiga kelele.

Kelele zenyewe hazikuanza na mtandao. Julai 1955, katika hospitali ya Royal Free mjini London, wafanyakazi walianza kuanguka mmoja baada ya mwingine, na hatimaye wakafikia 292. Hospitali ikafungwa kwa miezi kadhaa. Mwaka 1969 Shirika la Afya Duniani likauweka ugonjwa huo katika orodha ya magonjwa ya mfumo wa neva. Lakini mwaka mmoja tu baadaye, 1970, madaktari wawili wa akili wa Uingereza, McEvedy na Beard, waliandika katika jarida kubwa la madaktari wa nchi yao kwamba lililotokea Royal Free lilikuwa ni wazimu wa kundi, watu kuambukizana hofu. Miongoni mwa hoja zao ni kwamba walioumwa walikuwa wanawake kwa wingi. Na wenyewe hawakumpima hata mgonjwa mmoja, walisoma mafaili. Neno lao likapokelewa, likakaa katika vichwa vya madaktari kwa miongo.

Wahenga wetu walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Kwa wagonjwa hawa methali hiyo ni habari ya kila siku. Waliowasemea maisha yao yote ni watu waliosimama pembeni ya kitanda, na wengine hawakufika hata chumbani.

Tuvuke bahari twende Nevada, kandokando ya Ziwa Tahoe. Miaka ya 1984 na 1985 madaktari wawili wa mji mdogo wa Incline Village, Paul Cheney na Daniel Peterson, walipokea wagonjwa wengi ambao walikuwa wazima, wakaugua kama mafua, na mafua hayakuisha. Wakaiita CDC. CDC ikatuma wachunguzi wake wawili, wakakaa, wakapekua, wakarudi Atlanta wakiwa na mashaka. Mwaka 1988 kundi la wataalamu lililoongozwa na mmoja wa wachunguzi hao, Gary Holmes, likatoa vigezo vya kuutambua ugonjwa na jina jipya: ugonjwa wa uchovu sugu. Magazeti ya wakati ule yalikuwa tayari yakiuita kwa dhihaka homa ya vijana wa mijini wenye pesa. Serikali nayo ikawa imetoa jina linalomfanya kila msikiaji aseme, hata mimi nachoka. Wagonjwa waliomba jina libadilishwe. Hawakusikilizwa.

Ndugu msikilizaji, mtu anaweza kukosea jina bila nia mbaya. Lakini jambo lililofuata lilihusu fedha, na fedha ina hesabu.

Bunge la Marekani lilikuwa likiipa CDC fedha za kuutafiti ugonjwa huu. Mwaka 1998 mkuu wa utafiti huo ndani ya CDC, Dakta William Reeves, akajitokeza hadharani akasema: fedha hizi zinapelekwa kwingine, na Bunge linaelezwa vingine. Mkaguzi mkuu wa wizara ya afya akaingia kazini, na mwaka 1999 akatoa hesabu yake. Kati ya dola milioni 22.7 zilizoandikwa kuwa zimetumika kwa ugonjwa huu kuanzia mwaka wa fedha wa 1995 hadi 1998, dola milioni 8.8 zilitumika kwa mambo mengine, na dola milioni 4.1 hazikuwa na maelezo ya kutosha. Jumla ni dola milioni 12.9, zaidi ya nusu. CDC iliomba radhi, ikaahidi kuzirudisha fedha hizo.

Naomba uiweke akilini ile radhi. Ilipotokea kashfa ya fedha, shirika liliweza kufungua mdomo. Kulikuwa na mkaguzi, kulikuwa na Bunge, kulikuwa na tarakimu zisizokanika. Kwa ushauri wa tiba hakuna mkaguzi wa namna hiyo. Anayelipa gharama ni mtu aliyelala katika chumba chenye mapazia yaliyofungwa, na hana stakabadhi.

Baada ya hapo mambo yalikwenda mbele hatua moja na kurudi nyuma nyingine. Mwaka 2006 CDC ilizindua kampeni ya kuuelimisha umma kwamba ugonjwa huu ni wa kweli, na mkurugenzi wake wa wakati huo, Dakta Julie Gerberding, alilisema hilo mbele ya waandishi wa habari. Tuwape haki yao; kwa wagonjwa wengi ilikuwa mara ya kwanza kumsikia mkubwa wa serikali akisema hivyo. Lakini miaka hiyo hiyo idara ya Dakta Reeves, yule yule mfichua siri, ilikuja na njia mpya ya kuwahesabu wagonjwa. Kwa njia hiyo, utafiti wa jimbo la Georgia uliotolewa mwaka 2007 ulikuta ugonjwa kwa watu wazima 2.54 katika kila 100. Ilikuwa mara nyingi ya makadirio ya zamani. Wagonjwa wakauliza, mmetuchanganya na nani? Mtafiti Leonard Jason wa Chuo Kikuu cha DePaul, Chicago, akachukua watu wenye sonona peke yake, akawapima kwa vigezo vile vipya. Asilimia 38 yao wakahesabiwa kuwa na uchovu sugu.

Ubaya wake ni huu: mwenye sonona mara nyingi husaidika akitoka nje, akatembea, akafanya mazoezi. Mwenye ugonjwa wetu huu anaweza kuzidiwa kwa hayo hayo. Ukiwamwaga katika kapu moja kisha ukapima dawa, jibu utakalopata si la huyu wala si la yule.

Na hapo ndipo lilipoingia jaribio kubwa la Uingereza liitwalo PACE, lililochapishwa katika jarida la The Lancet mwaka 2011. Lilikuwa na wagonjwa 641 na liligharimu takriban pauni milioni 5, sehemu yake ikitoka katika wizara inayoshughulikia mafao ya wasiojiweza. Wazo lililo nyuma ya tiba zake lilikuwa kwamba mwili wa mgonjwa umedhoofika kwa kukaa, na kwamba anaogopa kujishughulisha. Ondoa hofu, ongeza mazoezi, atapona. Watafiti wakatangaza kwamba mazoezi ya kuongeza na tiba ya mazungumzo vinasaidia. Mwaka 2013 wakaongeza: asilimia 22 ya waliopewa tiba hizo wamepona. Habari ikaenea duniani.

Wagonjwa wakaanza kusoma ile ripoti. Watu ambao kusoma kurasa mbili kunawalaza siku mbili walizisoma jedwali kwa jedwali. Wakaona jambo la ajabu. Ili uingizwe katika jaribio kama mgonjwa, alama zako za uwezo wa mwili zilipaswa ziwe 65 au chini, katika kipimo kinachofika 100. Na ili kwa kipimo hicho uhesabiwe umefika kiwango cha kupona, zilitosha alama 60. Yaani mtu angeweza kuingia na 65, akashuka hadi 60, na kwa kipimo hicho akawa amevuka mstari wa waliopona.

Wakaomba takwimu ghafi. Wakanyimwa. Mgonjwa mmoja wa Australia akatumia sheria ya Uingereza ya haki ya kupata habari, na Agosti 2016 baraza la rufaa likakiamuru Chuo Kikuu cha Queen Mary cha London kuzitoa. Zilipopigwa hesabu upya kwa kanuni ambazo watafiti wenyewe walikuwa wameziandika mwanzoni, kabla ya kuzilegeza, ile asilimia 22 ikashuka chini ya 10.

Wakati huo Marekani kulikuwa kumetoka sauti nyingine nzito. Februari 2015 Taasisi ya Tiba ya Marekani, inayoishauri serikali kwa mambo ya sayansi, ilitoa ripoti baada ya kupitia maelfu ya machapisho. Ikasema huu ni ugonjwa mzito wa mwili wote, na kwamba kuzidiwa baada ya kujitumikisha ndicho kitambulisho chake. Ikakadiria kuwa Marekani ina wagonjwa kati ya 836,000 na milioni 2.5, na kwamba asilimia 84 hadi 91 yao hawajawahi kuambiwa na daktari jina la ugonjwa wao. Mei 2016 wagonjwa na jamaa zao wakapanga jozi za viatu vitupu mbele ya wizara ya afya mjini Washington, kila jozi kwa ajili ya mtu ambaye hakuweza kuja kuandamana kwa kuwa hawezi kutoka kitandani.

Hivyo mwaka 2017 ukurasa wa CDC ulipobadilika, ilikuwa miaka miwili baada ya ripoti ile na karibu mwaka mzima tangu takwimu zitolewe. Mabadiliko yalikuwa sahihi. Kilichokosekana ni maelezo. Daktari wa kijijini huko Iowa aliyefundishwa miaka ya 2000 kwamba mgonjwa huyu aende akatembee, atajuaje kwamba mwalimu wake amebadili somo? Bima iliyomnyima mtu malipo kwa sababu alikataa mazoezi, nani ataiandikia barua? Mama aliyemlazimisha mwanawe kuamka na kukimbia kwa kuwa ndivyo daktari alivyosema, nani atamwambia kuwa kosa halikuwa lake? Ukurasa ulikaa kimya kuhusu jana yake, kana kwamba haukuwahi kusema neno.

Linganisha na Uingereza. Huko taasisi inayotoa miongozo ya tiba, NICE, ilikuwa imependekeza mazoezi hayo hayo katika mwongozo wake wa 2007. Ilipoupitia upya, ilipanga ushahidi wote mezani, ikausema ubora wake: wa chini, au wa chini sana. Agosti 2021, mwongozo mpya ukikaribia kutoka, baadhi ya vyama vikubwa vya madaktari vilipinga na uchapishaji ukasimamishwa. Kukawa na mabishano makali, wagonjwa na madaktari wakiitwa meza moja. Oktoba 29, 2021 mwongozo ukatoka, ukisema wazi kwamba mgonjwa wa M.E. asipewe mpango wa mazoezi ya kuongeza. Ulikuwa mchakato wa kelele na hasira. Lakini daktari yeyote wa Uingereza aliyefungua gazeti wiki ile alijua kwamba jambo limebadilika, na akajua kwa nini.

Yuko atakayenipinga, na hoja yake ina uzito. Atasema: wewe mtangazaji, shirika la afya likisimama kila mara na kusema tulikosea, nani ataliamini siku ya kipindupindu? Watu watasema hawa leo hivi kesho vile, na watakimbilia kwa waganga wa mitaani.

Jibu langu silitafuti mbali. Watu wazima wanaonisikiliza wanaikumbuka klorokwini. Ilikuwa dawa ya malaria ya kila nyumba. Mtoto akipata homa, vidonge vinatoka kabatini. Mwaka 1998 Kenya ikaiacha, na mwaka 2001 Tanzania nayo ikaiacha na kuhamia dawa nyingine iitwayo SP, kwa sababu vimelea vilikuwa vimeizoea. Miaka mitano baadaye Tanzania ikaiacha SP na kuhamia dawa ya mseto. Hayo hayakufanywa kimyakimya. Ilisemwa redioni na kliniki kwamba dawa ile tuliyowaambia mmeze haiponyi tena. Minong'ono haikukosekana. Wengine waliiogopa SP kwa habari za kudhuru ngozi, na wengine waliendelea kuificha klorokwini yao. Lakini taifa lilihama dawa mara mbili ndani ya miaka michache, na watu hawakuacha kwenda zahanati. Walielezwa, wakalalamika, wakaelewa. Kama ingeondolewa madukani bila neno, kila mtu angetunga sababu yake.

Kwa hiyo mimi sikubali kwamba umma hauwezi kubeba ukweli wa kosa. Umma umebeba mengi. Muungwana akivuliwa nguo huchutama, na shirika la umma lililovuliwa na ushahidi nalo lina namna yake ya kuchutama kwa heshima: kukiri na kueleza.

Nisiwe mtu wa kulaumu tu. CDC imejifunza jambo moja zuri kuhusu kuzungumza na wagonjwa hawa, nalo linafaa kuigwa. Kwa miaka mingi serikali iliwasikiliza kupitia kamati ya ushauri iliyokaa Washington. Mgonjwa asafiri, aketi chini ya taa kali, asubiri zamu yake aseme kwa dakika chache, kisha arudi nyumbani akalale wiki tatu. Kamati hiyo ilivunjwa mwaka 2018. Lakini tangu mwaka 2012 CDC ilikuwa imeanzisha mikutano ya simu: mtaalamu mmoja anaeleza utafiti, wataalamu wa Atlanta wanaeleza kazi yao, na mgonjwa anasikiliza akiwa amelala, chumba kikiwa giza, na kuuliza swali bila kuvaa viatu. Kwa ugonjwa huu, njia ya kuzungumza ni sehemu ya ujumbe. Anayekuita mahali usipoweza kufika ameshakuambia kwamba hakutarajii.

Upungufu wa mikutano hiyo ni ule ule wa ukurasa. Kueleza kulikuwa kwingi, kujibu kulikuwa kuchache. Na jeraha la zamani lisilosafishwa hutoneshwa na kitu kidogo. Februari 2024 Taasisi za Taifa za Afya za Marekani, NIH, zilichapisha utafiti wa kina wa wagonjwa 17 uliochukua miaka kadhaa. Ulionyesha tofauti katika ubongo na katika kinga ya mwili, habari ambazo wagonjwa walizisubiri. Lakini ndani yake watafiti walieleza kwamba wagonjwa hupendelea kazi isiyohitaji juhudi kubwa. Watafiti walikuwa na maana yao ya kitaalamu. Wagonjwa walisikia sauti ya 1970: mnajichagulia. Kwa watu ambao hawajawahi kuombwa radhi kwa ushauri uliowalaza, neno kama hilo halina nafasi ya kusamehewa.

Suala hili si dogo tena. Desemba 2023 CDC yenyewe ilitoa takwimu za nchi nzima: asilimia 1.3 ya watu wazima wa Marekani walikuwa na ugonjwa huu katika miaka ya 2021 na 2022. Covid-19 imeongeza idadi, na Covid-19 haikuishia Marekani.

Huku kwetu, mtu akilalamika kwamba tangu augue mwaka jana hajarudi hali yake, hupimwa malaria, hupimwa taifodi, hupewa dawa za zote mbili, kisha huambiwa vipimo viko sawa, ni mawazo tu. Akirudi mara ya tatu, nyumbani wanaanza kutafuta aliyemroga. Lazima kwanza atafutwe upungufu wa damu, kisukari, tezi ya shingo, kifua kikuu, Ukimwi, maana hayo yana tiba. Lakini yakikosekana yote, mtu yule bado ni mgonjwa. Watu wa Lamu waliopitiwa na chikungunya mwaka 2004, na wa Mombasa mwaka 2017 na 2018, wanaweza kukueleza kwamba homa kuondoka na ugonjwa kuisha ni mambo mawili tofauti. Virusi hivyo vilitambuliwa mara ya kwanza huku huku kwetu, uwanda wa Wamakonde, katika mlipuko wa 1952 na 1953. Kuumwa viungo miezi mingi baada ya homa si hadithi ya Wazungu.

Ndiyo maana naziomba wizara zetu za afya, ya Tanzania, ya Kenya na za majirani, mambo mawili ambayo hayahitaji mkopo wa benki yoyote. Kwanza, kila mwongozo wa tiba unapobadilishwa, toleo jipya libebe ukurasa unaosema kilichoondolewa, tarehe kilipoondolewa na sababu yake, kwa lugha ambayo mhudumu wa afya wa jamii anaielewa. Pili, masahihisho yapite njia ile ile lililopitia kosa. Kama ushauri ulibandikwa ukutani zahanati, masahihisho yabandikwe ukutani zahanati. Kama ulifundishwa chuoni, yarudi chuoni. Na kama ulisomwa hapa redioni, yaletwe hapa redioni, nasi watangazaji tuyasome kwa sauti ile ile tuliyosomea ule wa kwanza, saa ile ile ya vipindi, bila kuyasukumia usiku wa manane.

Na wewe msikilizaji, daktari akikuambia leo kinyume cha alichokuambia mwaka jana, usimkimbie. Muulize kilichobadilika ni nini, na nani aliyekibadilisha. Akikujibu vizuri, umepata daktari.